Simu Mpya: Haja au Israfu?

Usiku wa tarehe 16 Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilizizima simu bandia. Ambaye yake ilizimwa, awe Kahama au Geita, hakuwa na hiari ila kununua nyingine. Hiyo ni haja. Ama simu inayopiga, kupokea na kutuma pesa, kuiacha kwa kuwa tu mchimbaji mwenzako amepata dhahabu akanunua ya kioo kikubwa, sisi twaiita israfu. Na ni mbaya zaidi inunuliwapo kwa deni ilhali ada ya mtoto haijalipwa. Betri ikichoka, hubadilishwa betri. Naye aliyelazimika kununua, kabla hajatoa fedha, abonyeze *#06#, ailinganishe namba itokeayo na iliyoandikwa kwenye boksi.