Tusiisingizie Mvua

Liko neno moja lililozoelewa sana katika nchi yetu ya Buha, nalo ni hili: "Ajali haina kinga." Motokaa ikipinduka mteremkoni, watu hulisema. Pikipiki ikiteleza na kumwua mama aliyepakiwa nyuma, hulisema tena matangani, kisha wote hunyamaza kana kwamba shauri limekwisha kukatwa. Wengine huongeza ya kuwa ni mapenzi ya Mungu, wengine huilaumu mvua. Mimi nalikataa neno hili, tena nawaomba wasomaji wenzangu walikatae, maana limekuwa maficho ya wavivu na wachoyo.

Mvua ya Kasulu na Kibondo si mgeni ajaye usiku bila kutazamiwa. Huanza Oktoba au Novemba, huendelea hata Aprili, pengine Mei. Juni hata Septemba ni kiangazi. Mkulima ajua hayo, akatengeneza jembe lake na mbegu zake mapema. Mwenye nyumba ajua, akaziba paa kabla ya tone la kwanza. Mwenye motokaa peke yake ndiye ashangaaye kila mwaka! Mwezi wa Julai ameuza mahindi na maharagwe, fedha anayo mkononi, lakini mpira wa motokaa yake ni kipara, laini kama kibuyu. Ukimwuliza, ajibu, "Bado watembea." Ndiyo, watembea; lakini je, utasimama?

Wenzetu wa nchi za baridi hawaachi jambo hili kwa bahati. Huko Uswidi, tangu tarehe 1 Desemba hata 31 Machi, njia ikiwa na theluji au barafu, sheria yaamuru motokaa ivae mipira ya majira hayo, na mifereji yake isipungue kina cha milimita 3. Sisi hatuna theluji. Lakini miezi hiyo hiyo sisi tuna maji, matope na ukungu, na tope jekundu juu ya lami huteleza kama sabuni.

Nasema lami kwa makusudi. Barabara yetu ilipokuwa udongo mtupu, tope lenyewe lilikuwa askari: dereva alikwenda polepole, apende asipende, na alipokwama tulishuka tukasukuma. Kisha ikaja kazi ya kuijenga kwa lami tangu Kabingo, kupitia Kibondo na Kasulu, hata Manyovu, kilometa zipatazo 260, katika vipande vinne. Kazi hii ni neema, wala sitasikiliza mtu aisemaye vibaya. Lakini askari yule wa tope ameondoka, na wengi hawajamweka mwingine moyoni mwao.

Mifereji ya mpira si pambo. Kazi yake ni kuyatoa maji chini ya gurudumu, mpira upate kuigusa lami. Mpira ukiwa kipara, na mwendo ukiwa mkali, maji hukosa njia ya kutokea, gurudumu likapanda juu yake kama mtumbwi. Hapo usukani hausikii, wala breki hazisaidii. Tena mvua ya kwanza ndiyo mbaya kuliko zote, kwa kuwa huchanganya vumbi na mafuta yaliyokusanyika kiangazi kizima. Motokaa iendayo kilometa 80 kwa saa hupita mita 22 kwa sekunde moja, yaani kabla mguu wa dereva haujaifikia breki. Na mwendo ukizidi mara mbili, masafa ya kusimama tangu breki ikanyagwe huzidi mara nne; njia ikiwa maji, huongezeka tena sana.

Sisi walimu twawangoja watoto wafike darasani asubuhi. Huja kwa miguu kandokando ya barabara hiyo, wengine wamejifunika mifuko ya nailoni kichwani, hawaoni nyuma wala hawasikii vema. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 yaweka mwisho wa kilometa 50 kwa saa penye makazi ya watu. Vijiji vyetu vyote vya njiani ni makazi ya watu, hata pasipo kibao.

Watajibu, "Mipira ni ghali." Ni kweli. Kwa hiyo wengi hununua ya mitumba, nami siwalaumu, ila wasome kabla ya kulipa. Ubavuni mwa mpira mna tarakimu nne: 3219 maana yake ni wiki ya 32 ya mwaka 2019. Mpira uliozeeka huwa mgumu, hata mifereji yake ikiwa mizima, na hushika njia vibaya. Taa, breki na vifutio vya kioo sina haja ya kuvieleza sana; asiyejua kwamba kioo kisichofutika hakionyeshi njia hataelimishwa na gazeti.

Wako pia wanaojivunia stika ya Wiki ya Nenda kwa Usalama. Stika huonyesha hali ya motokaa siku ile ilipokaguliwa. Mpira huendelea kulika kila siku baada yake.

Lakini lawama yangu kubwa naiweka juu yetu sisi abiria. Nani apigaye kelele, "Kaza mwendo, tuwahi gulio"? Nani akubaliye kubanana wanne pale pa watatu, au kupanda mshikaki juu ya pikipiki, mtoto katikati, mvua ikinyesha? Ni sisi, wala si polisi. Basi kabla hujalipa nauli, ndugu yangu, inama. Chukua njiti ya kiberiti, ambayo unene wake wapata milimita 2, uilaze ndani ya mfereji wa mpira. Ikitokeza juu, mpira umekwisha. Mwambie dereva mbele ya watu wote sababu ya kutopanda, kisha ungoje motokaa nyingine, hata kama utalowa.