Tumlipe kwa fomu, si kwa asilimia

Zahanati ndogo kama hii ninayoisimamia hapa Igogo haimudu kuajiri karani wa madai. Tunampa kazi mtu wa nje. Kila mwisho wa mwezi anachukua fomu za Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, anazipanga, anajumlisha, kisha anadai asilimia yake.

Asilimia ya nini? Hapo ndipo tunapoumia. Tuseme madai ni shilingi milioni 4 na makubaliano ni asilimia 5: laki 2 ni zake. Mfuko ukikata laki 8 kwa sababu namba ya kadi imekosewa, saini ya mgonjwa haipo, au dawa hailingani na ugonjwa ulioandikwa, hasara ni yetu. Yeye keshalipwa.

Wapo wanaosema alipwe asilimia ya kile Mfuko ulicholipa. Ni afadhali, lakini bado nakataa. Fomu ya mtoto mwenye malaria, yenye ada ya kumwona daktari, kipimo na dawa mseto, yeye huikagua kwa muda uleule iwe ya elfu 15 au elfu 50. Ukimlipa kwa ukubwa wa madai, unamshawishi aongeze kipimo ambacho mtoto hakufanyiwa. Wakaguzi wakija, wataihoji zahanati.

Wenzangu wa Igogo, Mkuyuni na Nyegezi, kabla ya kusaini mkataba, andikeni bei ya kila fomu. Na iliyokatwa kwa kosa lake, aisahihishe bure.