Vipumuzi pekee havitaokoa wagonjwa mahututi

TANGU kisa cha kwanza cha Covid-19 kitangazwe humu nchini mnamo Machi 13, 2020, mjadala kuhusu huduma kwa wagonjwa mahututi umeegemea mno hesabu ya vifaa. Mwaka huo, serikali ya kitaifa ilizitaka kaunti ziwe na angalau vitanda 300 vya kuwatenga wagonjwa, nao wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta wakapongezwa kwa kuunda kipumuzi chao wenyewe.

Juhudi hizo zilistahili sifa. Hata hivyo, zilifunika swali zito zaidi: ni nani atakayekesha kando ya mashine hizo?

Mtu anapopumua mwenyewe, kifua chake hupanuka na kuvuta hewa. Kipumuzi hufanya kinyume, kwani huisukuma hewa ndani kwa nguvu.

Pafu lililougua halijai hewa kwa usawa. Sehemu zilizojaa majimaji hukataa kufunguka, hivyo hewa yote hukimbilia zile chache zilizo nzima. Hizo zinaweza kufura kupita kiasi na kupasuka.

Hewa inayovuja hapo hunaswa kati ya pafu na ukuta wa kifua. Kwa kuwa mashine haiachi kusukuma, hewa hiyo huongezeka kwa kila pumzi. Pafu husinyaa, moyo hubanwa na shinikizo la damu hushuka. Mgonjwa anaweza kufariki katika muda wa dakika chache.

Linalosikitisha ni kwamba tiba ya dharura hii si ghali. Sindano hutumiwa kuitoa hewa iliyonaswa, kisha mrija huingizwa kifuani na kuunganishwa na chupa yenye maji. Mapovu yanayotokea katika maji hayo huonyesha kwamba hewa inatoka.

Lakini sharti kwanza awepo mtu wa kugundua tatizo. Mgonjwa aliyelazwa usingizi kwa dawa, akiwa na mrija kooni, hawezi kulalamika. Dalili ni king'ora cha mashine, oksijeni inayopungua ghafla katika damu na upande mmoja wa kifua usioinuka.

Isitoshe, king'ora hicho hicho hulia pia wakati makohozi yameuziba mrija au mgonjwa anapokohoa. Kutofautisha hali hizo ni kazi ya muuguzi au daktari aliyefunzwa, na aliye karibu.

Utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mnamo 2000, na kuhusisha wagonjwa 861, ulidhihirisha umuhimu wa kuielekeza mashine ipasavyo. Wagonjwa waliopewa mililita 6 za hewa kwa kila kilo ya uzito walikufa kwa asilimia 31, ikilinganishwa na karibu asilimia 40 ya waliopewa mililita 12.

Uzito huo hukadiriwa kwa kimo na jinsia ya mgonjwa, si kwa mizani. Kwa hivyo utepe wa kupimia, ambao bei yake ni ya chini mno, unaweza kumsaidia mgonjwa kama inavyomsaidia mashine ya mamilioni ya pesa.

Hata hivyo, utafiti huo pia ulibaini kuwa takriban mgonjwa mmoja kati ya kumi alipatwa na uvujaji wa hewa au madhara ya aina hiyo katika makundi yote mawili. Maana yake ni kuwa hata mashine iliyorekebishwa vyema yahitaji jicho la binadamu.

Historia yenyewe inathibitisha hilo. Ugonjwa wa polio ulipouvamia mji wa Copenhagen, Denmark, mnamo 1952, mashine zilikuwa chache mno. Daktari Bjørn Ibsen alipendekeza wagonjwa wapumuliwe kwa mifuko ya hewa iliyofinywa kwa mikono. Wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 walipokezana zamu usiku na mchana, na vifo vikapungua sana.

Kenya nayo ilipata funzo kutokana na mpango wa kukodisha vifaa vya matibabu ulioanzishwa mnamo 2015. Baadhi ya vifaa vilikaa bila kutumika kwa kukosa wahudumu, umeme wa kutegemewa au vyumba vinavyofaa.

Kwa kuwa huduma za afya ziko mikononi mwa kaunti, magavana na mabunge ya kaunti hawana budi kubadilisha namna ya kupanga bajeti. Kila kipumuzi kinachonunuliwa chafaa kuandamana na fedha za kuwaajiri na kuwafunza wauguzi wa wagonjwa mahututi, ili kila mgonjwa aliye kwenye mashine awe na muuguzi wake katika kila zamu.

Aidha, mirija ya kifua, mashine za eksirei za kuhamishika na mafunzo ya mara kwa mara yapewe kipaumbele. Haya hayavutii kamera wakati wa uzinduzi, lakini ndiyo huamua iwapo mgonjwa ataiona asubuhi.

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa katika wadi za wagonjwa mahututi ni uhaba wa wataalamu, na gharama ya kuupuuza hulipwa kwa uhai wa wagonjwa.