Waridi Juu, Risasi Chini
Huko Embu na Meru, ambako vumbi la udongo mwekundu halisitahi ukuta mweupe, nimekuta vyumba vimepakwa rangi ya waridi iliyofifia. Sisi wa Pwani, wazoefu wa chokaa, tutasema ni chumba cha bibi harusi. Mimi imenipendeza. Lakini mwenyeji wangu alikuwa akikwangua kwanza rangi kuukuu ya mafuta, kavukavu, na watoto wacheza chini. Rangi kama hizo, hasa nyekundu na manjano, huenda zina madini ya risasi, na vumbi lake hudhuru ubongo wa mtoto. Risasi twaijua: mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wakazi wa Owino Uhuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Nilimsihi aloweshe ukuta, na watoto wahamie kwa shangazi yao.