Sarafu tatu, mafungu ishirini na manne

 

Miezi kadhaa iliyopita tulipokea barua ya dada yetu mmoja aishiye Marekani. Mumewe alifariki akamwacha yeye, mabinti wawili na ndugu mmoja wa kiume wa marehemu, wazazi walikwishatangulia. Ndani ya kabati kulikutwa mkebe wenye sarafu tatu za dhahabu za dola 20, ambazo marehemu alizinunua moja moja kwa miaka mingi ziwe akiba. Shemeji yake, ambaye dada yetu anamtaja kwa wema, alishauri zipelekwe kwa mnunuzi wa dhahabu, zipimwe kwenye mizani, fedha zigawanywe na jambo liishe. Dada yetu akatuuliza: je, hivyo ni sawa?

Tuanze na mgao. Mke ana thumuni, mabinti wana theluthi mbili, na kinachobaki ni cha ndugu kwa kuwa ni asaba. Mali ikigawanywa mafungu 24, mke hupata 3, mabinti 16, na ndugu 5. Sarafu tatu hazigawanyiki mafungu 24 bila kwanza kujulikana zina thamani gani. Atakayekosea thamani amekosea mgao wote, hata kama hesabu yake ya mafungu haina dosari.

Sarafu hizi zina historia. Marekani ilianzisha kiwanda chake cha kupigia fedha kwa sheria ya mwaka 1792, mjini Philadelphia, na sarafu za kwanza za dhahabu zikatoka mwaka 1795. Ile ya dola 10 iliitwa tai. Dhahabu ilipogunduliwa California mwezi Januari 1848, madini yalimiminika kwa wingi, na sheria ya mwaka 1849 ikaruhusu sarafu ya dola 20, ndiyo tai maradufu, iliyoanza kutumika mwaka 1850. Uzito wake ni gramu 33.436. Katika kila sehemu 1,000, sehemu 900 ni dhahabu na zilizobaki takriban zote ni shaba. Kwa hiyo dhahabu safi iliyomo ni kiasi cha gramu 30.09.

Sarafu ya namna hii ina thamani tatu. Ya kwanza ni ile iliyoandikwa juu yake, dola 20, ambayo leo haina maana kwa muuzaji. Ya pili ni ya dhahabu iliyomo, nayo hupanda na kushuka pamoja na soko. Ya tatu ni ile ambayo wakusanyaji wako tayari kuilipa kwa sababu ya uchache wake na hali yake. Mizani ya mnunuzi wa dhahabu huijua ya pili tu.

Thamani ya tatu mara nyingi hukaa katika herufi ndogo. Igeuzeni sarafu ya dola 20 ya karne ya 19 mtazame chini ya mkia wa tai. Isiyo na herufi kwa kawaida ilipigwa Philadelphia. Herufi S ni San Francisco, O ni New Orleans, na CC ni Carson City, mji wa Nevada uliopiga sarafu kati ya mwaka 1870 na 1893. Mwaka 1891, San Francisco ilipiga sarafu za dola 20 zaidi ya milioni 1.2. Carson City, mwaka huohuo, ilipiga 5,000 tu. Dhahabu ni ileile, uzito ni uleule, na mizani haitaonesha tofauti yoyote.

Tena si zote zilizopigwa ambazo zipo hadi leo. Mwaka 1933 serikali ya Marekani iliwaamuru wananchi kusalimisha dhahabu yao, isipokuwa, pamoja na mengine, sarafu nadra zenye thamani maalumu kwa wakusanyaji. Nyingi zilizosalimishwa ziliyeyushwa. Ndiyo maana hazina inapofukuliwa huwa habari kubwa. Mwaka 2013, mume na mke waliokuwa wakitembea na mbwa wao katika ardhi yao huko California waliona mkebe uliojitokeza udongoni. Zilipatikana sarafu 1,427. Jumla ya thamani iliyoandikwa juu yake ilikuwa dola 27,980, lakini wathamini walizikadiria kufikia dola milioni 10.

Tulimjibu dada yetu mambo manne. Kwanza, asizisugue wala kuzing'arisha. Uso wa asili ukikwanguliwa haurudi, na mkusanyaji hukwepa sarafu iliyosuguliwa. Pili, azipeleke kwa wathamini wawili wasiojuana, na wasiwe wanunuzi wa sarafu hizo, kwani anayenunua ana maslahi katika bei ya chini. Tatu, ahakikishe si za kughushi, maana zipo za kughushi zilizopigwa kwa dhahabu halisi. Kampuni kama PCGS na NGC hukagua sarafu na kuipa daraja kati ya 1 na 70 kulingana na hali yake.

La nne ni zaka. Sarafu tatu zina kiasi cha gramu 90.27 za dhahabu safi, nazo zinavuka nisabu ya gramu 85 inayotajwa na wanazuoni wengi wa zama zetu. Kama marehemu alizimiliki zote kwa mwaka mzima bila kutoa zaka, hilo ni deni la kutazamwa kabla ya mirathi kugawanywa. Tulimwomba amwendee sheikh wa mji wake kwa hesabu hiyo.

Barua yake ya pili ilifika hivi karibuni. Shemeji mwenyewe ndiye aliyezibeba kwa wathamini. Mbili zilikuwa na herufi S, za mwaka 1877 na 1883, nazo ni za kawaida. Ya tatu ilikuwa ya mwaka 1891, na chini ya mkia wa tai palikuwa na CC. Kwa bahati mbaya binti mdogo alikuwa ameisugua kwa dawa ya meno siku chache baada ya msiba, ili ing'ae kama baba yake alivyokuwa akipenda. Bei ilishuka kwa hilo. Hata hivyo, peke yake ilizidi zile mbili zikijumlishwa.

Zaka ilitolewa kwanza. Kisha shemeji akachukua mafungu yake 5, si zaidi. Mabinti waliomba wabaki na sarafu moja ya baba yao. Ikahesabiwa kwa thamani yake kamili ndani ya mafungu yao 16, na mama yao ndiye anayeitunza. Mkebe umerudi kabatini na sarafu moja ndani yake.

Ndugu wasomaji, aliyekufa hawezi kurudi kutueleza alichoacha. Kabla hatujagawa, tuulize. Mali ya yatima ni amana, na kutojua thamani yake si udhuru kwa mwenye uwezo wa kuuliza.

Wallahu a'lam.