Umeme wa Vituo vya Data Upimwe kwa Mita Mbili

Umeme unaowasha taa za Unguja huanza safari yake ya baharini Ras Kiromoni, katika pwani ya Kinondoni, na huibuka Fumba. Katika wilaya hiyo hiyo, mtaa wa Kijitonyama, ndipo kilipo Kituo cha Taifa cha Data kilicho chini ya Shirika la Mawasiliano Tanzania (TTCL). Mashine za vituo vya namna hiyo hutunza kumbukumbu na kuendesha huduma za mtandao usiku na mchana, bila ya kujua Ijumaa wala sikukuu. Tunapenda leo kuuliza swali moja juu ya vituo hivyo, vya umma na vya binafsi: katika umeme wote unaoingia humo, ni kiasi gani kinachofanya kazi iliyokusudiwa, na ni kiasi gani kinachoishia njiani?

Swali hili si la mafundi peke yao. Kompyuta ikifanya kazi hutoa joto, na joto hilo lisipoondolewa kompyuta huzimika. Kwa hiyo hapana budi kuwe na viyoyozi, na viyoyozi navyo hula umeme. Betri za akiba hupoteza kidogo, nyaya kidogo, taa kidogo. Tangu mwaka 2007 wataalamu wamekuwa wakitumia kipimo kijulikanacho kwa herufi PUE, na mwaka 2016 kikaingizwa katika viwango vya kimataifa vya ISO. Hesabu yake anaiweza mtoto wa skuli: chukua umeme wote uliopita langoni, ugawe kwa umeme uliofika kwenye mashine zenyewe. Jibu likiwa 2, maana yake kila uniti moja ya kazi imefuatana na uniti nyingine iliyotumika pembeni.

Tutoe mfano wetu wenyewe. Mashine zinazohitaji kilowati 100, katika kituo chenye kipimo cha 2, huvuta kilowati 200 langoni. Kipimo kikishuka hadi 1.5, zinatosha 150. Tofauti hiyo ya kilowati 50, kwa saa zote za mwaka mzima, ni uniti 438,000. Mwananchi wa Mbagala au Tandika, aliyekaa gizani kwa zamu katika mgao ulioanza mwaka 2023, hahitaji kuelezwa thamani ya uniti hizo.

Wako watakaosema kwamba shida hiyo imekwisha, kwa kuwa Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo 9 na uwezo wa megawati 2,115, lilikamilika mwaka 2025. Sisi tunalifurahia bwawa hilo kuliko wengi. Lakini ankara ya umeme wa ofisi ya umma hulipwa na umma, bwawa likiwa limejaa au limekauka.

Sisi tuliopita chuoni kabla ya skuli tulionywa mapema juu ya wapunjao katika vipimo, na kipimo hiki nacho kinapunjika. Mwenye kutaka sifa atapima usiku wa Julai, wakati hewa ya Dar es Salaam imepoa, na kuuacha Februari. Mwingine ataweka mita ya pili mara tu baada ya betri, ili umeme unaopotea katika nyaya za mbele yake uhesabiwe kuwa umefanya kazi. Mwingine atasahau saa ambazo jenereta ya dizeli ilikuwa ikinguruma. Kwa hiyo kipimo cha haki ni cha miezi 12, mita ya pili ikae karibu kabisa na mashine, na nishati ya jenereta ihesabiwe.

Hata hivyo liko jambo linalowapotosha hata watendaji waaminifu. Fundi akizima mashine zilizokuwa zikiwaka bure, ankara itapungua, lakini kipimo kinaweza kuonekana kimeharibika, maana viyoyozi havipungui kwa kadiri ile ile. Fundi huyo anastahili kupongezwa, naye ataadhibiwa na takwimu. Ndiyo maana tunataka jumla ya uniti itangazwe pamoja na PUE.

Tujilinganishe na nani? Katika uchunguzi wa taasisi ya Uptime Institute, wastani ulikuwa 2.5 mwaka 2007, na 1.56 mwaka 2024. Kampuni ya Google hutangaza takribani 1.1. Lakini kujipima na Finland, ambako baridi ya nje ni ya bure, ni kujidanganya kwa upande wa pili. Tuitazame Singapore, kisiwa chenye joto na unyevu kama wetu. Mwaka 2019 ilisimamisha ujenzi wa vituo vipya. Ilipofungua mlango tena mwaka 2022, ilidai kipimo kisichozidi 1.3. Mwaka 2023 ikatoa kiwango cha kuendesha vyumba hivyo kwa nyuzijoto 26 na zaidi. Kwetu bado wako wanaoamini kwamba chumba cha kompyuta lazima mtu akiingie na koti, kana kwamba kinahifadhi samaki.

Kwa ndugu zetu wa Visiwani jambo hili lina uzito wa pekee. Waya wa kwanza wa mwaka 1980 ulikuwa wa megawati 45; wa pili, wa megawati 100, ulikuja mwaka 2013. Katikati yake Unguja ilikaa gizani takribani mwezi mzima mwaka 2008, na tena kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010. Kituo chochote kikubwa cha data kitakachojengwa Unguja kitategemea njia hiyo nyembamba ya chini ya bahari, pamoja na hospitali na pampu za maji.

Tunazitaka EWURA kwa Bara na ZURA kwa Zanzibar ziweke sharti la mita mbili kwa kila kituo, na vile vinavyoendeshwa kwa fedha za umma vianze. Kijitonyama itangulie. Hesabu ya miezi 12 ya mwanzo iwekwe mezani mwa Bunge na Baraza la Wawakilishi, uniti kwa uniti, kabla ya fedha za kituo kingine kuombwa.