Binti Anakwenda Chuo Kikuu: Tumwambie Nini?



Kila mwaka, miezi ya kufunguliwa vyuo ikikaribia, vijana hufika ofisini kuomba vyeti vya ubatizo na barua ya Padre. Huyu anakwenda Dodoma, yule Mwanza, mwingine Dar es Salaam. Nyuma yao twaona jasho la wazazi: magunia ya mahindi yameuzwa, madumu ya asali yameuzwa, pengine na ng'ombe, kusudi mtoto apate nauli, godoro na ndoo. Mmefanya vema. Lakini liko jambo lisilouzwa dukani ambalo hamna budi kumpa kabla hajapanda basi, nalo ni maneno ya wazi juu ya hatari iliyomo ndani ya glasi.

Wako watu waovu ambao hutia dawa ya usingizi katika soda au bia ya mwenzao kwa siri. Dawa nyingine haina rangi wala harufu. Anayekunywa huona kizunguzungu, ulimi huwa mzito, miguu hulegea, na kesho yake hakumbuki alikokuwa. Hapo ndipo mwovu hufanya alilokusudia. Tena msidhani ni lazima awe na dawa ya ajabu. Inayotumika zaidi ni pombe yenyewe: pombe kali kidogo kidogo ndani ya soda yatosha kumwangusha asiyezoea.

Wazee wetu walijua hatari ya kinywaji. Mwenyeji akikupa kibuyu cha wanzuki, huonja kwanza yeye, ndipo akupe wewe. Chuoni hakuna wa kukuonjea. Basi mwambieni kijana, wa kike na wa kiume, maana hata wavulana hutendewa: Fungua chupa yako mwenyewe. Ukienda chooni ukaiacha mezani, usiinywe tena. Usipokee glasi ambayo hukuiona ikimiminwa. Nenda na wenzio, rudi na wenzio. Mwenzako akilegea ghafula, usimwache achukuliwe na mtu asemaye, "Nitamsindikiza." Mlaze kwa ubavu, kaa naye, mpeleke hospitali.

Neno kwa ninyi wenye watoto wa kiume. Mara nyingi twawausia mabinti peke yao, kana kwamba dhambi hii haina mtendaji. Mwambie mwanao hivi: aliyelala au aliyelewa hawezi kukubali neno lo lote. Mwaka 1990 mwanafunzi wa kike wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alijiua baada ya kusumbuliwa na kudhalilishwa na wanafunzi wenzake wa kiume. Waliofanya hivyo walikuwa vijana wasomi, wana wa watu. Akina mama waandishi wa habari wa chama cha TAMWA, kilichoanzishwa mwaka 1987, walipaza sauti pamoja na wengine, na mwaka 1998 Bunge likatunga sheria kali ya makosa ya kujamiiana. Sheria yetu yasema kwamba kukubali kwa mwanamke aliyeleweshwa kwa kitu alichopewa na mwanamume huyo au na mtu mwingine si kukubali, isipokuwa ithibitike walikuwa wamepatana kabla. Adhabu ya kubaka mtu mzima haipungui kifungo cha miaka 30. Mwanao aijue hesabu hiyo.

Na ikiwa baya limekwisha kutokea? Asioge kwanza, wala asifue nguo zile, maana huo ni ushahidi. Aende polisi, kwenye dawati la jinsia na watoto, apewe fomu ya PF3, na aende hospitali upesi. Akiwa ameumia sana, hospitali iwe mbele ya yote. Dawa ya kuzuia Virusi vya Ukimwi yafaa ianze mapema, wala isipite saa 72, yaani siku tatu. Nayo dawa ya usingizi hutoweka mwilini haraka, pengine kabla siku haijaisha. Kwa hiyo aliyeko Mwanza asingoje mpaka afike Itigi kwenye hospitali ya Mtakatifu Gaspar. Aende palepale alipo.

Wengine watasema, "Basi afadhali binti abaki Mitundu." Hapana. Hata kwenye harusi za kijijini pombe huleta maovu hayo hayo. Kumnyima elimu hakumlindi.

Lililo kubwa ni hili. Wako wazazi wanaomwaga binti yao kwa maneno haya: "Ukipata aibu huko, usinijie hapa." Mzazi hudhani amempa silaha, kumbe amemfungia mlango. Akitendewa ubaya atanyamaza, siku tatu zitapita, na mwovu atatafuta mwingine. Waovu hutegemea sana hofu hiyo.

Mwambie badala yake: "Likikupata lo lote, nipigie simu, hata usiku wa manane. Wewe ni mwanangu." Na simu hiyo ikija, usianze kuuliza alivaa nini, au alikwenda kunywa nini. Uliza, "Uko wapi? Uko na nani?" Kisha tafuta nauli.

Ni mimi, Karani wa Parokia, Mitundu.